Mchanga upi wa kutia kwenye tangi la samaki wa baharini?

Wanaotaka kufuga samaki wa baharini kwenye tangi la kioo huniuliza sana: chini titie nini? Wengi hudhani mchanga ni pambo. Sivyo. Ndani yake huishi bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki, na aina yake hugusa afya ya maji yote.

Tuanze na aina. Maji ya tangi hili hutakiwa kuwa na pH ya 8.1 hadi 8.4. Mchanga unaofaa ni wa chokaa, uitwao aragonaiti, utokanao na matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa. pH ikishuka, huyeyuka kidogo kidogo na kupunguza mshuko huo, ila usiutegemee peke yake: maji lazima yapimwe na yabadilishwe. Mchanga wa mto aghalabu ni silika, hausaidii pH, na huja na udongo. Ukitaka kujua ulionao, tia siki kidogo juu yake. Ukitoa povu, una chokaa.

Pili, punje. Zilizo chini ya nusu milimita hurushwa na mkondo wa pampu. Zikizidi milimita 3, mabaki ya chakula hunasa katikati, yakaoza, naitreti ikapanda. Milimita 1 hadi 2 hufaa matangi mengi. Ukifuga samaki wanaojifukia usiku, chagua mchanga laini zaidi, kwani punje kali huwachubua.

Tatu, kina. Sentimita 2 hadi 5 zatosha. Wapo wanaojaza 10 na zaidi ili bakteria wa chini, kusiko na oksijeni, waondoe naitreti. Lakini mchanga huo ukitibuliwa huweza kutoa gesi ya sumu yenye harufu ya yai viza. Anayeanza asijaribu. Kwa hesabu, tangi la sentimita 100 kwa 40, kina cha 3, lataka lita 12 za mchanga, yaani kama kilo 18.

Suuza kwa maji baridi hadi yatoke safi. Panga mawe kwanza juu ya sakafu ya tangi, kisha mwaga mchanga pembeni yake. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki wachimbaji watayaangusha. Usitie samaki mpaka vipimo vya amonia na naitraiti vifike sufuri, jambo linalochukua wiki kadhaa.

Sasa lile ambalo wengine hawapendi kulisikia: “Bahari iko mlangoni, kwa nini ninunue?” Ndani ya hifadhi za taifa za baharini za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite, kuchota mchanga au kuokota matumbawe ni kosa. Hata nje ya hifadhi, mchanga wa ufuoni huweza kuwa na mafuta na maji taka, na ule wa Malindi hubeba tope la mto Sabaki. Isitoshe, kasa hutaga humo, na ndio ngao ya ardhi yetu dhidi ya mawimbi. Sehemu yake husagwa na pono anayetafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa chembe, kazi ya miaka na miaka. Ndoo moja ni kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba, na ufuo nao huisha vivyo hivyo.

Nunua mchanga ambao muuzaji anaweza kukueleza umetoka wapi. Bahari ni amana. Tusiibomoe nje ili tuipambe sebuleni.