Kisukari: Historia ya Jina na Mgawanyo Wake

Mfasiri mmoja alituletea ofisini fomu ya hospitali aliyoifasiri, akitaka tumkagulie istilahi zake. Katika mstari mmoja palikuwa pameandikwa kuwa mgonjwa ana "kisukari kisichotegemea insulini"; mistari miwili chini yake, kuwa mgonjwa huyo huyo hudungwa insulini asubuhi na jioni. Mfasiri alidhani amekosea. Hakukosea, alikuwa ameifasiri sawasawa istilahi iliyokuwa na kasoro huko ilikotoka. Ili kuielewa kasoro hiyo hatuna budi kurudi nyuma na kutazama jinsi maradhi haya yalivyopewa majina, maana kila jina lilifuata kile ambacho matabibu wa zama zake waliweza kukiona.

Jina linalotumika katika lugha za Ulaya ni la Kiyunani. Aretaeus wa Kapadokia, tabibu wa zama za dola ya Kirumi, aliueleza ugonjwa ambao mgonjwa wake hapoi kiu wala haachi kukojoa, na nyama za mwili wake ni kama zinayeyuka na kutoka pamoja na mkojo. Neno diabetes lilitaja kitu kinachopitisha maji, kama mrija. Sukari haimo ndani yake hata kidogo. Jambo hilo tulishike, kwani tutalihitaji hapo mbele.

Utamu ulitambuliwa na matabibu wa Kihindi. Maandiko yanayonasibishwa na Sushruta na Charaka yanautaja ugonjwa huu kwa jina la Kisanskriti madhumeha, yaani mkojo wa asali, na yanaeleza kuwa sisimizi huuendea mkojo huo. Ibn Sina (980–1037) naye aliutaja utamu huo katika kitabu chake cha tiba. Huko Uingereza Thomas Willis aliandika habari zake katika miaka ya 1670, na mwaka 1776 Matthew Dobson alionyesha kwamba utamu ule ni wa sukari, na kwamba umo katika maji ya damu pia. Hapo ilidhihirika kwamba kosa si la figo peke yake. Mwishoni mwa karne ya 18 neno la Kilatini mellitus, "wa asali", liliongezwa kwenye jina la Kiyunani.

Kiswahili nacho kilishika njia ya utamu. Katika baadhi ya kamusi msomaji hukuta neno bolisukari, lenye asili ya Kiarabu katika sehemu zake zote mbili: baul ni mkojo, na sukari haihitaji maelezo. Neno hilo halikupata wasemaji wengi. Lililoshinda ni kisukari, na sidhani kama ushindi wake ni wa bahati. Kiambishi ki- kimezoeleka katika majina ya maradhi: kifafa, kichocho, kipindupindu, kiharusi, kiseyeye, kifaduro. Anayelisikia neno kisukari hasikii sukari tu, husikia pia kwamba kinachotajwa ni ugonjwa. Ni nadra kamati ya istilahi kupata neno fupi na zuri namna hiyo.

Lakini neno zuri laweza kusema zaidi ya lilivyotumwa. Kuna ugonjwa mwingine, usiotokea mara nyingi, ambao mgonjwa wake hukojoa lita nyingi za mkojo usio na utamu wowote. Chanzo chake ni upungufu wa vasopresini, homoni itokayo katika ubongo na kuziamuru figo zihifadhi maji, au ni figo zenyewe kutoitii amri hiyo. Katika Kiyunani na Kilatini magonjwa haya mawili yaliweza kukaa chini ya jina moja, kwa kuwa jina lilitaja kupita kwa maji tu. Mmoja ukaitwa mellitus, na mwingine insipidus, yaani usio na ladha. Kwa Kiswahili mpango huo hauwezekani. Anayeandika "kisukari insipidasi" anaupa jina la sukari ugonjwa usiohusiana na sukari kabisa. Hata Ulaya ushirika huo wa jina umeleta madhara: mwaka 2022 kundi la kimataifa la wataalamu wa homoni lilipendekeza jina la zamani liachwe, kwa sababu baadhi ya wahudumu wa hospitali waliudhania kuwa ni kisukari cha kawaida, na wagonjwa wakanyimwa dawa waliyoihitaji. Badala yake walipendekeza majina yanayotaja chanzo, ambayo kwetu yangekuwa "upungufu wa vasopresini" na "ukinzani wa vasopresini". Nashauri tuyapokee sasa, kabla jina la zamani halijaota mizizi katika vitabu vyetu.

Turudi kwenye kisukari chenyewe. Kwamba hakiko namna moja, maandiko ya Kihindi yalikwisha kusema: kuna cha watu waliokonda na kuna cha wanene. Katika miaka ya 1870 na 1880 Mfaransa Étienne Lancereaux aligawanya vivyo hivyo. Mwaka 1869 Paul Langerhans alikwisha kuonyesha vikundi vya seli ndani ya kongosho, ambavyo baadaye viliitwa visiwa vya Langerhans. Na mwaka 1889 Oskar Minkowski na Joseph von Mering waliondoa kongosho la mbwa, naye akapata kisukari. Mwaka 1909 Jean de Meyer alipendekeza jina insulini, kutokana na neno la Kilatini la kisiwa, kwa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekitenga bado. Frederick Banting na Charles Best walipofanya kazi yao Toronto mwaka 1921, Banting alitaka dawa yao iitwe "isletini", kutokana na neno la Kiingereza la kisiwa kidogo. Lilishinda la Kilatini. Kijana wa miaka 14 alidungwa dawa hiyo Januari 1922 akapona kifo kilichokuwa kikimngoja.

Mwaka 1936 Harold Himsworth alionyesha kuwa wagonjwa wengine huitikia insulini vizuri na wengine mwili wao huikinza. Huo ulikuwa mgawanyo wa chanzo. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, mwaka 1980, lilichagua kugawanya kwa tiba: kinachotegemea insulini na kisichotegemea. Hapa ndipo ilipozaliwa kasoro ya fomu yetu. Mgonjwa wa kundi la pili, baada ya miaka mingi, kongosho lake huweza kuchoka naye akahitaji sindano, lakini ugonjwa wake haujabadilika kuwa mwingine. Mwaka 1997 Wamarekani, na mwaka 1999 Shirika lenyewe, waliyaacha majina hayo, wakaandika aina ya 1 na aina ya 2, kwa tarakimu za kawaida, kwa kuwa 2 ya Kirumi husomeka kama 11. Aina iliyotokana na lishe duni, iliyotambuliwa mwaka 1985, nayo ikafutwa; mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limeirudisha kwa jina la aina ya 5.

Tarakimu haielezi kitu, na huo ndio uzuri wake: haidanganyi. Mzigo wa kueleza unabaki kwa maelezo. Katika aina ya 1 kinga ya mwili huziangamiza seli zinazotengeneza insulini. Mtoto anayeugua hakujiletea kwa kulamba peremende. Katika aina ya 2 mwili huikinza insulini, na kinachoongeza uwezekano wake ni unene, hasa wa tumbo, kutoshughulisha mwili, umri, nasaba, na kuwahi kupata kisukari cha ujauzito. Haya ni vihatarishi. Fomu nyingi huandika "sababu", na mgonjwa hutoka pale akiamini amehukumiwa. Kihatarishi huongeza uwezekano tu. Wapo wanene wasiougua, na wapo wembamba wanaougua. Tofauti ya maneno hayo mawili si ya wanaisimu peke yao: uchunguzi wa vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wazima wasiofikia 1 katika 100, na uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, ingawa haukufanywa kwa njia ile ile, ulikuta karibu 9 katika 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Wasomaji wa fomu hizo wameongezeka.

Ile ya mfasiri wetu tuliirudisha ikisomeka: "Kisukari cha aina ya 2, hutumia insulini."