Kigezo kikikosea, kila ubao unakosea

Masika moja nilikuwa likizo Mchombe, kwenye karakana ya mjomba wangu, nikaona mbao mbili nzuri za mtiki zikiharibika mchana kweupe. Mteja alitaka kaunta ya jikoni yenye umbo la L. Mjomba ana mashine ya rauta na kigezo alichojitengenezea kwa mbao pana, kilichomtoa vizuri kwenye kazi zake zote za kiangazi. Akabana, akakata, akaunganisha. Upande wa ukutani mbao ziligusana. Mbele ukabaki mwanya wa milimita 5 hivi.

"Mkono umezeeka, mjomba," akaniambia.

Mimi nasema mkono wake haukuwa na kosa. Ili tuelewane, twende kwanza Portsmouth, Uingereza, miaka zaidi ya 200 iliyopita.

Meli za kivita za enzi zile zilikwenda kwa tanga, na kila meli ilihitaji mamia ya kapi, zile roda za mti zinazopitisha kamba. Zote zilichongwa na mafundi. Kuanzia mwaka 1802, mhandisi Marc Brunel, mzaliwa wa Ufaransa, aliweka bandarini pale mashine zilizotengenezwa na Henry Maudslay. Kila mashine ilibana mti mahali palepale na kisu kikapita njia ileile. Kufikia 1808 karakana ilitoa kapi kama 130,000 kwa mwaka, na inasemekana watu 10 wasio mafundi walifanya kazi iliyohitaji mafundi 110.

Kumbe usahihi ulikuwa umehama mkononi, ukaingia kwenye chuma. Ujuzi wenyewe ulibaki, ila ukawa kwa yule aliyetengeneza mashine. Huyo ndiye aliyetakiwa asikosee hata kidogo.

Rauta ilileta jambo hilohilo kwenye karakana ndogo. Karibu na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, R. L. Carter wa Syracuse, Marekani, alifunga kisu kinachozunguka kwenye mota ya umeme ya kushika kwa mikono miwili. Mwaka 1929 kampuni ya Stanley ikanunua biashara yake.

Rauta peke yake haijui kunyoosha. Inafuata kigezo. Chini yake kuna bushi, pete ya chuma inayoteleza kwenye ukingo wa kigezo, na katikati ya pete ndipo biti inapokata. Kwa kaunta, bushi iliyozoeleka ina kipenyo cha milimita 30 na biti milimita 12.7. Toa, gawa kwa mbili: biti inakata milimita 8.65 ndani ya ukingo wa kigezo. Unashuka kidogokidogo, kama milimita 10 kila mpito, ili biti isichome mbao wala kuvunjika.

Kwa hiyo kigezo kikipinda, rauta itanakili upindo huo kwa uaminifu kabisa. Nusu digrii tu, kwenye kaunta ya upana wa sentimita 60, ni mwanya wa milimita 5.

Nusu digrii ilitoka wapi? Kwenye mvua. Mbao ikinyonya unyevu huvimba upana, lakini urefu wake haubadiliki karibu kabisa. Ukiunganisha mbao mbili pana kwa kona ya digrii 45, halafu zikavimba upana bila kurefuka, ile kona haibaki 45 tena. Bonde la Kilombero wakati wa masika si mahali pa kuamini kigezo cha mbao pana.

Kuna somo jingine hapahapa wilayani. Reli ya TAZARA, inayopita bondeni kwetu, ina upana wa milimita 1,067. Reli ya zamani inayotoka Kilosa hadi Kidatu ina milimita 1,000. Kila moja ni sahihi kwa kigezo chake, lakini pale Kidatu zinapokutana, mzigo lazima uhamishwe kutoka behewa hadi behewa kwa sababu ya milimita 67. Kwenye kaunta ni vilevile: pande zote mbili za kiungo zikatwe kwa kigezo kimoja, siku moja.

Mjomba alilipia mbao mpya kutoka mfukoni mwake. Kigezo kipya alikitengeneza kwa plaiwudi, ambayo tabaka zake zimelazwa kwa kupishana, kwa hiyo kila moja inazuia jirani yake isivimbe. Tena kabla ya kila kazi anakipima: sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, na kutoka ncha hadi ncha lazima ipatikane 100 kamili. Isipopatikana, hagusi mashine.

Zile mbao mbili zilizoharibika ziligeuzwa benchi. Wateja hulikalia wakisubiri, na mjomba sasa hasemi tena habari za mkono kuzeeka.