Swali na Jibu Lake: Jinsi Tungo za Muyaka Zilivyonusurika

Sehemu kubwa ya ushairi wa Kiswahili imezaliwa katika mazungumzo. Malenga mmoja hutega fumbo, mwenziwe akalitegua. Huyu hutupa kijembe, yule akakirudisha kwa vina vilevile. Beti zinazotokana na malumbano ya namna hiyo ni nusu ya kauli. Nusu ya pili imo katika beti za mjibuji, na kisa kilichozizua zote kimo vifuani mwa watu waliokuwapo. Anayetaka kuzihifadhi, basi, ana kazi tatu: kulinda swali, kulinda jibu, na kulinda sababu ya vyote viwili. Kazi ya tatu ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, na ndiyo yenye muda mfupi kuliko zote. Ushahidi wangu ni historia ya tungo za Muyaka bin Haji.

Muyaka alikuwa mtu wa Mombasa, na wataalamu hukadiria kwamba aliishi kati ya mwaka 1776 na 1840. Ulikuwa wakati wa utawala wa Mazrui mjini humo, wakati ambao Mombasa, Pate na Lamu zilivutana kwa mapanga na kwa maneno. Katika miaka ya 1810 majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa na Walamu katika vita vya Shela, na baada ya ushindi huo Lamu ikatafuta ulinzi wa Seyyid Said wa Omani. Katika mvutano huo mashairi yalitumika kama silaha na kama barua. Muyaka aliutetea mji wake na watawala wake. Upande wa Lamu kulikuwa na washairi wa kumjibu, akiwamo Bwana Zahidi Mngumi, aliyekuwa pia kiongozi katika mji huo. Shairi lilivuka maji, likasikilizwa, likachambuliwa, kisha jibu likarudi.

Lakini si siasa peke yake. Muyaka alitunga juu ya mapenzi na ndoa, juu ya dhiki na neema, juu ya marafiki waliogeuka. Watu wa Mombasa walizijua tungo hizo kwa moyo. Hapo ndipo penye nguvu yake, na ndipo penye hatari yake. Utungo unaokaa kifuani huishi kadiri anavyoishi mwenye kifua. Mwaka 1837 Seyyid Said aliiangusha dola ya Mazrui. Miaka mitatu hivi baadaye Muyaka akafariki. Mambo aliyoyasema yalikuwa ya utawala ambao haupo tena, na kila mwaka uliopita uliwapunguza watu waliojua nani alilengwa na neno lipi.

Aliyeziokoa tungo hizo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni na mshairi wa Mombasa. Yeye ndiye aliyezikusanya na kuziandika. Jina lake halitajwi sana madarasani. Muyaka tunamfundisha, Sikujua tunampita. Lakini bila Sikujua, Muyaka angebaki jina tu, sifa isiyo na beti za kuithibitisha.

Tuitazame kazi yake kwa makini, maana haikuwa kunakili tu. Kiswahili wakati huo kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo, kama zilivyotumiwa kwa kawaida, hazikutenganisha vizuri irabu za Kiswahili: *e* na *i* ziliandikwa kwa alama moja, *o* na *u* vilevile. Sauti kama *p*, *v* na *ch* hazikuwa na herufi zake katika Kiarabu, nazo ziliazimiwa herufi nyingine. Matokeo yake ni kwamba hati ilikuwa kikumbusho cha mtu aliyekwisha kulijua shairi. Mgeni aliyeikuta angeweza kusoma neno moja kwa njia mbili au tatu, na mizani isingemsaidia kila mara kuchagua. Ilihitajika sauti ya mtu kando ya karatasi. Tena lugha yenyewe ilikuwa Kimvita, lahaja yenye maneno na sauti zake, ambazo tahajia ya Kiswahili sanifu, iliyojengwa juu ya Kiunguja kuanzia mwaka 1930, haizionyeshi zote.

Ndipo akatokea mtu wa pili. William Ernest Taylor, mmisionari Mwingereza, alifika pwani yetu mwaka 1880, akajifunza Kimvita kwa bidii. Mwaka 1891 alichapisha kitabu cha methali za Kiswahili. Taylor alifanya kazi pamoja na Sikujua. Katika karatasi zao mashairi yalifuatana na maelezo: maana ya maneno magumu, majina ya watu, mambo yaliyosababisha utungo. Hatuna haja ya kumpamba Taylor. Alikuja kwa shughuli ya dini yake, katika zama za ukoloni, na karatasi zake ziliishia London, katika maktaba ya chuo tunachokijua leo kwa jina la SOAS, mbali na mji uliozizaa. Lakini aliuliza maswali wakati ambapo mjuzi wa kuyajibu alikuwa hai.

Sasa naomba msomaji azitazame tarehe. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840. Sikujua alifariki mwaka 1890. Taylor alifika mwaka 1880. Kwa hiyo muda wote ambao mwenye kujua na mwenye kuuliza wangeweza kukutana ulikuwa takriban miaka kumi. Kama Taylor angechelewa, au Sikujua angetangulia, pengine hati zingebaki, lakini ufunguo wake ungezikwa.

Baada ya hapo karatasi zilisubiri. Taylor alifariki mwaka 1927. William Hichens alizifanyia kazi, na mwaka 1940 Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy ikachapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, miaka mia moja hivi baada ya mtunzi kufariki. Mwaka 1979 Profesa Mohamed H. Abdulaziz, mwana wa Mombasa, akatoa Nairobi kitabu chake juu ya Muyaka, akiyaweka mashairi katika historia ya mji na kueleza mazingira yake. Karatasi iliweza kungoja nusu karne, na zaidi. Binadamu hakuweza.

Hilo ndilo ninalotaka lizingatiwe. Tunapozungumzia uhifadhi, mawazo yetu hukimbilia mchwa, unyevu na moto. Maadui hao ni wa kweli. Lakini kuna upotevu mwingine usioacha majivu. Chukua ubeti unaosema habari za chombo kinachokwenda mrama. Unaweza kuwa wa nahodha aliyekosea, wa mume aliyeshindwa na nyumba yake, au wa mji ulioshindwa na watawala wake. Vina vimetimia, mizani imetimia, kila neno lipo. Lakini bila kisa chake, shairi la kumwonya mtawala huweza kufundishwa miaka nenda miaka rudi kama shairi la bahari. Limehifadhiwa, na bado limepotea.

Jambo hili halikukoma na karne ya 19. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 katika Tanganyika, lilifungua uwanja mpya wa washairi wa bara na pwani, na magazeti yaliyofuata yakauendeleza. Mtunzi wa mji mmoja aliweza kujibiwa na mtunzi asiyemjua kabisa wa mji wa mbali. Kisha ukaja ubishi wa miaka ya 1970 juu ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, hasa baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974. Sehemu ya hazina hiyo imeingia katika diwani. Lakini diwani huchagua, na inapochagua huweza kuchukua shairi lililong'aa na kuliacha lile lililolichokoza. Kwingine hazina imo katika magazeti yenyewe, na karatasi ya gazeti ina asidi: hugeuka manjano, kisha hukatika mkononi. Iliyobaki imo katika madaftari ya nyumbani, chini ya vitanda na ndani ya makasha, yenye beti zisizo na tarehe wala jina la aliyejibiwa.

Waliotunga na kubishana wakiwa vijana katika miaka hiyo ya 1970, leo ni wazee wa miaka 70 na zaidi. Tumo, basi, ndani ya miaka kumi yetu wenyewe.

Maoni yangu ni kwamba kazi ianze kwa wazee kabla ya karatasi. Mwenye daftari la baba au nyanya yake asilikimbize tu kwenye mashine ya kupiga picha akadhani amemaliza. Aketi na mzee, amsomee kila shairi kwa sauti, amwulize: lilitungwa lini, lilimjibu nani, nani alilijibu, kulikuwa na jambo gani mjini, na neno hili kwenu lilikuwa na maana gani? Majibu yaandikwe ukurasa uleule wa shairi, yasitengwe nalo. Shairi la mpinzani litafutwe nalo liwekwe kando yake, hata kama ni duni, hata kama linaudhi. Na jina la mwenye kueleza liandikwe kwa ukamilifu, asije akapitwa kama tunavyompita Mwalimu Sikujua.

Picha ya ukurasa inaweza kupigwa mwaka ujao. Swali kwa mzee liulizwe wiki hii.