Ningi na Hukumu ya Uwanja

Kwa miaka mingi, kikundi cha ngoma kutoka Sengerema au Geita kilichokwenda kushindana ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza kilianza safari yake kwa kungoja. Kilifika Busisi na ngoma, njuga na majembe, kikakaa foleni pamoja na malori ya mizigo mpaka kivuko kirudi kutoka Kigongo. Mpiga ngoma akiugua, mwingine angeweza kushika vijiti. Ningi, kiongozi wa kikundi, hakuwa na mbadala. Yeye ndiye aliyetunga nyimbo na kuziongoza, na kikundi kilijulikana kwa jina lake.

Wasukuma husimulia kwamba katika karne ya 19 walikuwako mahasimu wawili wa ngoma, Ngika na Gumha. Ushindani wao uligawa Usukuma: wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu. Mgawanyiko huo upo mpaka leo.

Katika mashindano, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na mshindi ni mwenye watu wengi. Mtazamaji akichoka kwa Bagika, huwageuzia kisogo akaenda zake kwa Bagalu. Ningi huona kwa macho yake watu wakimpungukia, wimbo ungali mdomoni. Hapo ndipo hutolewa kilichokuwa kimefichwa: chatu akazungushwa shingoni mwa mchezaji, au vijana wa bugobogobo, ngoma ya majembe, wakarusha majembe juu na kuyadaka kwa mpini.

Ulaya nako waimbaji walikuja kupimwa kwa idadi: Novemba 1952, gazeti la New Musical Express la London lilichapisha orodha ya kwanza ya santuri zinazouzika zaidi Uingereza, baada ya kupigia simu maduka yapatayo 20. Tangu hapo mwimbaji wa pop wa Kiingereza amekuwa akipanda na kushuka kwa namba za kila wiki. Ningi alikwisha kuuzoea mtihani huo zamani, na wake ulikuwa mkali zaidi: majibu aliyapata papo hapo, mbele ya hasimu wake.

Si ajabu basi kwamba viongozi wengi wa vikundi walitafuta samba, dawa ya kuvuta umati, kwa waganga. Lakini dawa haikumwondolea mtu kazi ya kutunga. Msimu wa ngoma ulikuja baada ya mavuno, kuanzia Juni, pamba ikiwa imeuzwa na watu wana nafasi. Wimbo wa mwaka jana haukumsimamisha mtu. Ningi alijisifu, akamchambua mpinzani, akasema yaliyotokea kijijini. Chama cha TANU kilipozuiwa Usukuma kati ya 1954 na 1958, siasa nayo iliingia katika nyimbo za wakulima.

Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement kutoka Kanada aliupenda utamaduni huu badala ya kuupiga vita. Sikukuu ya Ekaristi ikawa Bulabo, yaani maua, na baada ya ibada Bagika na Bagalu wakapewa uwanja.

Juni 19, 2025 lilizinduliwa daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, kati ya Kigongo na Busisi. Kikundi cha Sengerema sasa kinaweza kuvuka ghuba kwa dakika chache, ngoma zimefungwa kamba nyuma ya lori, kikashika njia ya Usagara kuelekea Kisesa, ambako Bagalu wameshachagua upande wao wa uwanja.