Kutoka Kitambulisho hadi Kondomu: Historia ya Ushahidi wa Ukahaba Kusini mwa Ruvuma

Mjadala wa kutumia kondomu kuwa ushahidi wa ukahaba ulipata nguvu mwaka 2012, pale Human Rights Watch ilipochapisha utafiti wake kuhusu miji minne ya Marekani, na Open Society Foundations ikachunguza nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Makala hii inatetea hoja kwamba, katika ukanda wa Ruvuma, mantiki hiyo ni ya kale kuliko kondomu yenyewe. Mwanamke alihukumiwa kwa kile alichokuwa nacho, au alichokikosa, mkobani mwake.

Marekebisho ya 1954 ya Kanuni ya Adhabu ya Kireno yaliruhusu hatua za usalama dhidi ya wazururaji na makahaba walioleta kashfa ya hadharani. Uhuru haukuifuta fikra hiyo. Kati ya 1974 na 1975, wanawake wa Rua Araújo, mtaa wa Lourenço Marques ambao baadaye uliitwa Rua do Bagamoyo, walikamatwa na kupelekwa kambi za mafunzo upya kaskazini, hasa Niassa. Mwaka 1983, Operação Produção iliwaondoa mijini watu walioitwa wasiozalisha. Waliokosa kadi ya kazi au ya ukaazi walikamatwa, na wanawake wasio na waume walichukuliwa kirahisi kuwa makahaba. Mwaka huohuo, ng'ambo ya mto, kampeni ya Nguvu Kazi ilidai vitambulisho katika mitaa ya Dar es Salaam. Neno lenyewe, mzururaji, halitaji tendo la jinai; linataja mwendo wa mtu.

Hatua zile za 1954 ziliondoka katika sheria ya Msumbiji kwa Kanuni ya Adhabu ya 2014. Hata hivyo, mazoea ya upekuzi hayafutwi kwa kufuta kifungu. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 2017, na la Palma la Machi 2021, vita viling'oa watu zaidi ya 800,000 makwao, wengi wakiwa wamepoteza hati zao. Katika mazingira ya vizuizi na umaskini, mkoba wa mwanamke hupekuliwa na mtu mwenye silaha. Iwapo kondomu iliyomo itasomwa kama kadi iliyokosekana ilivyosomwa mwaka 1983, mwanamke ataiacha nyumbani, katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta asilimia 13.2 ya watu wa miaka 15 hadi 49 wakiishi na VVU.

Wapo wanaohofu kwamba katazo litawakinga wafanyabiashara ya binadamu. Hofu hiyo ina uzito, lakini Sheria Na. 6/2008 inahusu kusafirisha, kulaghai na kunyonya watu. Mambo hayo huthibitishwa kwa mashahidi, fedha na mawasiliano. Kondomu haithibitishi hata moja. California ilipiga marufuku ushahidi huo kwa sheria ya 2019.

Kwa pwani hii, mambo mawili yanahitajika: agizo la maandishi linalokataza kukamata au kuorodhesha kondomu kuwa kielelezo, na tafsiri yake katika Kimwani, Kimakonde na Kiswahili. Haki iliyoandikwa kwa Kireno pekee haimfikii mwanamke anayepekuliwa Palma.