Ughaibuni Huanzia Nyumbani: Mwanafunzi wa Mwambao wa Tanganyika na Suala la Utambulisho

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu utambulisho wa wanafunzi wa Kiafrika wanaosoma nchi za nje aghalabu huanzia uwanja wa ndege. Huulizwa mwanafunzi atakula nini, atavaa nini, ataabudu wapi na atazungumza na nani lugha ya kwao. Kisha hushauriwa ajiunge na jumuiya ya wenzake, apike ugali kila apatapo unga, na asiache kupiga simu nyumbani. Ushauri huo hauna ubaya, ila unakuja umechelewa. Makala hii inadai kwamba kinachoamua iwapo mwanafunzi atabaki na utambulisho wake huko ugenini ni kazi ambayo lugha na maarifa ya kwao vilikuwa vimepewa kabla hajaondoka. Madai haya yanapimwa kuanzia Mwamgongo, kijiji cha wavuvi na wakulima kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe.

2.0 Ngazi za kuondoka

Mtoto wa Mwamgongo kwa kawaida huanza maisha kwa Kiha. Shuleni hupokelewa na Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu 1967. Akiingia kidato cha kwanza, baiolojia na jiografia anasomeshwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo siku anapopanda boti kwenda Kigoma mjini kuanza safari ya masomo ng'ambo, amekwisha kuhama mara mbili.

Uhamaji huo haulingani. Kiswahili hakikuletwa mwambao huu na shule. Misafara ya karne ya 19 iliifanya Ujiji, jirani na Kigoma mjini, kuwa soko na bandari, na watu waliovuka kutoka ng'ambo ya magharibi, wakaja kujulikana kama Wamanyema, walikuwa miongoni mwa waliokifanya Kiswahili lugha ya mjini, ya biashara na ya msikitini. Kutoka Kiha kwenda Kiswahili, mtoto anapanuliwa uwanja ambao jirani zake tayari wanaucheza. Kuingia Kiingereza ni jambo jingine. Nyumbani anajua kwamba dagaa hukusanyika penye mwanga wa taa usiku wa giza, na kwamba mbalamwezi ikipevuka wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Darasani anafundishwa tabia za viumbe bila kuulizwa hata swali moja kuhusu dagaa hao. Pole pole anajifunza somo lisiloandikwa kwenye mtaala: kwamba maarifa yana kwao, na kwao huko si Mwamgongo. Nyumbani hubaki mahali pa chakula, ngoma na mazishi.

Mwanafunzi aliyefuzu somo hilo hawezi kuokolewa na ugali wa Jumamosi. Akifika ng'ambo atautunza utamaduni wake kama anavyotunza picha za familia: kwa mapenzi, lakini mbali na meza ya kazi.

3.0 Wageni wa Gombe

Mwamgongo inamjua mwanafunzi wa kimataifa kwa upande wa pili pia. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe Julai 1960, na mwaka 1962 alianza masomo ya uzamivu Cambridge bila kuwa na shahada ya kwanza. Alilaumiwa huko kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba. Hakuyaacha majina, aliyatetea kwa data alizozikusanya msituni. Baada yake walikuja wanafunzi wengine, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Stanford. Waliishi kando ya ziwa wakijifunza mengi kwa Watanzania waliowaongoza milimani. Ni nadra mtu kuuliza walitunzaje utambulisho wao. Swali halikuwa na haja, kwa kuwa kila walichokiona kilikwenda kuandikwa, kujadiliwa na kutahiniwa kwa lugha yao. Ugeni uliwaongezea hadhi kwao.

Mei 1975 waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire waliwateka wageni wanne, wakiwemo wanafunzi, pale Gombe. Wote waliachiliwa hatimaye, lakini kambi ya utafiti haikuendelea kuwapokea wanafunzi wa nje kama zamani. Utafiti haukusimama. Watanzania waliokuwa wasaidizi waliendelea kuwafuata sokwe kutwa na kuandika mienendo yao, na waliandika kwa Kiswahili. Maandishi hayo ndiyo yaliyokuja kutafsiriwa kwa Kiingereza na kuwa sehemu ya msingi wa tafiti zilizochapishwa katika majarida ya dunia.

Uzito wa jambo hili haujatambuliwa vya kutosha nchini. Moja ya tafiti ndefu kuliko zote kuhusu wanyama wa porini imeendeshwa kwa miongo kadhaa na watu walioona, wakapima na wakaandika kwa Kiswahili. Lakini kijana wa kijiji jirani akienda sekondari huambiwa, kwa vitendo kama si kwa maneno, kwamba sayansi haisemeki kwa lugha hiyo.

4.0 Ushahidi wa waliotangulia

Wasomi watatu wa Afrika Mashariki hutajwa sana wanapozungumziwa waliosoma nje bila kupotea. Jomo Kenyatta alisoma anthropolojia kwa Malinowski huko London, na mwaka 1938 akachapisha kitabu kuhusu Wagikuyu. Okot p'Bitek alisoma Bristol, Aberystwyth na Oxford. Oxford alichukizwa na wahadhiri walioziita jamii za Kiafrika za kishenzi, na papo hapo akaandika tasnifu kuhusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipata uzamivu Wisconsin mwaka 1985 kwa tasnifu iliyohusu falsafa ya Kiafrika, kisha akarudi kwenye riwaya ya Kiswahili kwa namna mpya kabisa katika Nagona na Mzingile.

Mara nyingi husifiwa uthabiti wa nyoyo zao. Tarehe zinaonyesha jambo lingine. Kenyatta alikuwa mhariri wa Muigwithania, gazeti la Kigikuyu, mwaka 1928, kabla ya safari yake ya kwanza ya Uingereza mwaka 1929. Okot alichapisha Lak Tar, riwaya ya Kiacholi, mwaka 1953, na Uingereza alikwenda mwaka 1956 akiwa na timu ya taifa ya Uganda ya mpira. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, miaka mingi kabla ya Wisconsin. Wote watatu waliondoka wakiwa tayari wamefikiri hadharani kwa lugha za kwao. Chuo cha ugenini kiliwakuta na kazi mkononi, wakakitumia kuiendeleza.

5.0 Pingamizi

Inaweza kupingwa kwamba watu watatu mashuhuri, wote wanaume, si kipimo cha maelfu ya wanafunzi wanaosomea uhandisi au uuguzi. Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake liko Gombe. Wale wasaidizi wa utafiti hawakuwa waandishi wa riwaya. Walipewa kalamu, fomu na jukumu, na lugha yao ikafanya kazi ya sayansi. Kinachohitajika ni nafasi, na nafasi huundwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: utambulisho upi utunzwe? Ujiji yenyewe ni mji wa wahamiaji, na mila hubadilika. Kenyatta anatukumbusha hatari iliyopo, kwani katika kuitetea jamii yake aliutetea pia ukeketaji. Binti wa Mwamgongo anayekwenda kusoma nje anaweza kuwa na sababu njema za kukataa baadhi ya yale anayoambiwa ayatunze. Lakini hoja ya makala hii inamlinda. Mila iliyohifadhiwa kabatini haiulizwi. Lugha na maarifa yanayotumika kazini huulizwa kila siku, na anayeyatumia ana haki ya kuyakosoa.

6.0 Hitimisho

Kutokana na hoja hizi, mzigo wa kutunza utambulisho hauwezi kuachiwa kijana wa miaka 20 peke yake katika bweni la ugenini. Shule za sekondari za mwambao zinaweza kuanza na dagaa, migebuka na upepo wa ziwa kama maswali halali ya baiolojia na jiografia. Maandishi ya Kiswahili ya Gombe yanastahili kusomeshwa kama mfano wa uandishi wa kisayansi. Wadhamini wa masomo wanaweza kudai kwamba kila tasnifu wanayoigharimia iwe na muhtasari wa Kiswahili, na kwamba matokeo yawasilishwe mbele ya watu ambao yanawahusu, nao wapewe nafasi ya kuyapinga. Mwanafunzi mwenyewe, kabla ya kufunga begi, aandike kwa Kiswahili au kwa Kiha swali analotaka chuo cha ugenini kimsaidie kulijibu. Akishindwa kuliandika, kosa si lake peke yake, na tiba yake haipo ng'ambo.