Mpera, karafuu na karatusi: je, mti unaweza kuwa shahidi?



Ukitoka Rumonge mjini ukafuata barabara ya Nyanza-Lac, unafika Kigwena. Hapo karibu na ziwa kumebaki kipande kidogo cha msitu wa asili, katikati ya michikichi na mihogo. Kwenye nyua za watu kuna mipera, na kule milimani kuna mikaratusi. Wakimbizi wa 1972 walipoanza kurudi kwa wingi, hasa kuanzia 2008, wengi walikuta watu wengine kwenye mashamba yao. Katika kesi kama hizo mara nyingi utasikia hoja hii: mti huu aliupanda baba yangu. Sasa tuulize, mti unaweza kutoa ushahidi? Kwanza tuujue mti wenyewe.

Chuma jani la mpera, lisugue mkononi, halafu unuse. Fanya hivyo hivyo na jani la karatusi. Kisha inua jani kwenye mwanga wa jua, utaona vitone vidogo sana vinavyopitisha mwanga. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Tazama na ua lake: nyuzi nyingi nyembamba, kama brashi. Ni alama za ukoo mmoja ambao wataalamu wanauita Myrtaceae, wenye aina zaidi ya 5,500. Mpera umo, mkarafuu umo, mzambarau umo, karatusi imo. Ukoo huu una zaidi ya miaka milioni 80, tangu wakati ambapo Australia, Antaktika na Amerika ya Kusini zilikuwa bado zimeshikana. Nchi zilipoachana, kila tawi likaenda na njia yake. Wengine wakabaki na vikonyo vikavu vya mbegu, kama karatusi. Wengine wakapata matunda laini ambayo ndege na popo wanameza na kubeba.

Tuanze na yule tunayemwita mwenyeji, mzambarau mwitu, ambao kwa Kirundi wengi wanauita umugoti. Unapenda kando ya mito na penye maji. Hakuna mtu aliyeuleta. Lakini utafiti wa vinasaba uliotoka 2022 unaonyesha kwamba kundi lake lilianzia upande wa Australia na Guinea Mpya, likasambaa polepole hadi Asia na Afrika. Kumbe hata mwenyeji naye ana safari.

Mpera ni wa Amerika. Wareno na Wahispania waliusambaza duniani kuanzia karne ya 16, na jina "pera" limetoka kwa Wareno, ambao kwao ni jina la tunda jingine linalofanana nalo. Kirundi kikasema ipera. Baada ya hapo mpera haukuhitaji Mreno tena. Mbegu zake ni ngumu, zinapita tumboni mwa ndege na mwa watoto bila kufa, ndiyo maana unaota njiani, chooni, shambani, popote.

Karafuu haioti kwetu, lakini ilitugusa. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Seyyid Said akasukuma sana ipandwe. Mashamba yale yalitaka mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Misafara ya pembe na watumwa ilipita Ujiji, kando ya ziwa letu. Mfanyabiashara Rumaliza wa Ujiji alishambulia pwani ya Burundi, na Mwami Mwezi Gisabo akampinga. Kiswahili tunachoongea Rumonge kilikuja kwa njia hizo hizo za biashara. Kwa hiyo ule msumari wa karafuu kwenye pilau una sehemu ya historia yetu ndani yake.

Karatusi ni ya Australia. Ethiopia, Mfalme Menelik II aliipokea miaka ya 1890 kwa sababu Addis Ababa ilikuwa imeishiwa kuni. Kwetu ilikuja na wakoloni, na wakati wa Wabelgiji watu waliamrishwa kuipanda. Inakua haraka, inatoa nguzo, kuni na makaa. Lakini inakunywa maji mengi, na chini yake mimea mingine inapata shida. Karibu na chemchemi, afadhali umugoti.

Turudi kwenye swali letu. Kwa mila ya sehemu nyingi za kwetu, ukiazimwa shamba unapanda maharage au mahindi, si mti. Mti hupandwa na mwenye ardhi. Ndiyo maana hoja ya miti ina uzito. Ila kila mti una namna yake ya kusema. Mpera ni shahidi dhaifu, kwa sababu huenda aliyeupanda ni ndege. Mikaratusi iliyosimama kwa mstari inaonyesha kwamba mtu aliipanda, lakini ukiikata inachipua tena kwenye kisiki: mashina yanaweza kuwa ya miaka mitano na mizizi ya miaka hamsini. Anayetazama unene wa shina peke yake atadanganyika. Angalia kisiki. Uliza nani alikuwa anakata, nani alikuwa anachuma, na jirani gani aliona. Burundi iliunda tume ya ardhi, CNTB, mwaka 2006, na muda wake ukaisha 2022, lakini mambo mengi yanasikilizwa kwanza na wazee pale kilimani, na ninyi wa mashirika mnakaa pembeni mkiandika. Maswali haya yawasaidie.

Kuna jambo moja ambalo mti hausemi kabisa. Kwamba ulitoka Amerika au Australia hakumwongezei wala kumpunguzia mtu haki. Mpera ni mgeni, na bado mtoto wa Kigwena ameukuta uani kwao na akaula. Haki ya shamba ni habari ya watu: nani alilima, nani alifukuzwa, nani alipewa na nani.

Kwa hiyo vijana, kazi ya wiki hii. Muulize mzee wako kama kuna mti anaoukumbuka kwenye shamba la kwao. Aliupanda nani, mwaka gani, ulikuwa upande gani wa nyumba, nani mwingine anaujua. Andika tarehe na jina lake kwenye daftari, wakati bado yupo wa kuulizwa.